Dakika Ishirini za Mwisho

Filamu ambayo stelingi, shujaa wake, anakufa halafu anafufuka mimi naizima papo hapo. Nimekaa saa mbili na sindano mkononi, nimemlilia mtu, nimefuta machozi kwa kitambaa cha mteja, kisha mwanga wa buluu unashuka kutoka juu na yule maiti anavuta pumzi, anasimama, nywele zake bado zimechanwa. Huo ni utapeli. Vijana wa duka la filamu hapa Kisauni, ninakojaziwa flashi yangu kila Jumamosi, hunicheka. Huniambia, "Mama, hizo ni za ajabu, kila kitu chawezekana humo." Nami huwajibu kwamba kama kila kitu chawezekana basi hakuna cha kuniogopesha, na wanijazie nyingine.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko sebuleni na televisheni iko mbele yake, na sidhani kuna mwanamume mtaani kwetu aliyetazama filamu za mapigano na za majoka kunishinda. Kwa hivyo nina maoni, na siyafichi. Siwezi kumheshimu adui anayesubiri zamu ya kupigwa. Watu kumi na wawili wamemzunguka stelingi, kila mmoja na panga lake, na wanamwendea mmoja mmoja kwa adabu kama wagonjwa waliokata namba kwa daktari. Siwezi pia kumwamini mfalme wa zama za mishale ambaye joho lake limeshonwa kwa mashine ya ovaloki. Naiona, ile mishono ya pindo, hata akiwa juu ya farasi anakimbia. Na haya majitu ya kompyuta ya siku hizi hayana uzito. Zamani mtu akianguka kutoka juu ya paa, magoti yangu yaliuma. Leo mji mzima unaporomoka na mimi naendelea kutia uzi kwenye sindano.

Majini nayo ndiyo yanayoniudhi kabisa. Sisi tumekulia mahali ambapo hata mtoto mdogo anajua jini lina mwiko wake, linakaa wapi na linachukizwa na nini. Jini la filamu halina kanuni yoyote. Likihitajika kutoa moto linatoa moto, likihitajika kushindwa linashindwa, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilizipenda filamu kabla sijaziona. Nilizipenda kwa masikio, kupitia ukuta wa mabati.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kibanda cha video. Wasichana hatukuingia, hasa mimi, kwa sababu mama yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila siku baada ya alasiri watoto wa mtaa walijaa kwenye mikeka sebuleni mwetu na misahafu yao, na mama akiwasomesha herufi kwa mahadhi yake mwenyewe, mahadhi ambayo hakuna chuo kingine Kisauni kilichokuwa nayo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo uani. Uani ndiko kulikokuwa na ule ukuta wa mabati, na upande wa pili wa ukuta, na kipaza sauti mkononi, alikuwa kakangu.

Kakangu alikuwa mtafsiri. Wasiojua nitawaeleza. Filamu ilikuja kwa lugha za watu, na katika kibanda nusu ya watazamaji hawakuambulia kitu, basi mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni akasema yeye. Alisema maneno ya stelingi na ya jambazi, ya mwanamke anayelia na ya farasi. Watu hawakuuliza leo kuna filamu gani. Waliuliza leo anatafsiri nani.

Naye hakutafsiri, nilikuja kulijua baadaye. Lugha zile hata yeye hakuzijua. Alitazama midomo na macho ya watu, akatunga. Mfalme alikuwa anaishi Bamburi, karibu na kiwanda cha saruji, ndiyo maana ndevu zake zilikuwa na vumbi jeupe. Stelingi daima alikuwa kijana wa Kiembeni, mtoto wa mama mmoja. Joka lilikuwa limetoka kwenye machimbo ya zamani, limekunywa maji yote ya Kisauni, na mifereji ikikauka kwetu watu walimlaani joka. Mimi na sufuria yangu mkononi nilikuwa nikimwona joka yule vizuri kuliko ninavyowaona hawa wa leo kwenye kioo kikubwa.

Alikuwa na kanuni moja tu ambayo hakuivunja: stelingi hafi. Filamu ikimuua, kakangu alikataa. Watu wanamwona kijana amelala chini, amechomwa mkuki, wenzake wanamlilia, na sauti ya kakangu inasema amechoka tu huyu, mwacheni alale, ataamka sehemu ya pili. Kisha watu walimsumbua mwenye kibanda miezi mizima wakitaka hiyo sehemu ya pili. Nilipokuja kuzitazama filamu zile mwenyewe, ukubwani, nikiwa na televisheni yangu, niliona jinsi walivyokufa wengi. Nilikasirika, nikahisi waliotengeneza filamu ndio waliodanganya.

Sasa nifike kwenye kosa. Ilikuwa filamu yenye mchawi mzee, na mchawi akainua fimbo akaanza kuimba maneno ya uganga, marefu, yasiyoeleweka kwa yeyote. Kakangu hakuwa na la kusema. Basi akaimba. Aliimba herufi, alifu na ndugu zake, kwa mahadhi ya mama, na sauti ya mama, hata ile namna yake ya kuvuta pumzi katikati. Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko, kwa kuwa nusu yao walikuwa wamesomeshwa na mama yangu. Mimi pia nilicheka. Nilijibanza ukutani nikacheka mpaka povu la sabuni likanimwagikia.

Kesho yake mama alifungua chuo, akatoa sauti, na watoto wakaangua kicheko. Aliwatazama. Akaanza tena, wakacheka tena, na mmoja aliyekuwa mdogo kuliko wote akainua kalamu yake ya mwanzi juu kama fimbo. Mama aliuliza, akaambiwa. Hakumpiga mtoto yeyote siku ile. Alifunga chuo mapema, akakaa sebuleni, na kakangu alipoingia kutaka chai akamwambia bila kupaza sauti, "Wallahi sitaisikia tena sauti yako maisha yangu."

Alikuwa ameapa, na mama yangu si mtu wa kuapa. Kakangu alifungua mdomo ajibu, mama akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Nilisimama mlangoni na chupa ya chai na sikujua nimmiminie nani.

Basi kakangu alihamia Changamwe, kwenye vyumba vya kupanga kule upande wa Airport. Akaanza kurekodi tafsiri zake kwenye sidii, zikasambaa mpaka Likoni na kwingineko. Katika zile sidii ndege husikika zikishuka juu ya paa lake, naye hakuzifuta. Alisema, "Sikieni, wapenzi watazamaji, joka limepita." Nilimtembelea kwa siri. Nikirudi mama aliniuliza, "Wamwonaje?" Nilimwambia anakusalimia. Mara nyingi hakuwa amesalimia. Na kakangu nikimfikia aliniuliza, "Mama asemaje?" nami nilimwambia mama anakuombea dua. Labda alikuwa akimwombea, sikuwahi kumsikia. Nilizoea. Mmoja hakusema neno, mwingine hakutaka kusikia, na mimi nilikaa katikati nikatunga.

Kifua kilimwanza kakangu kidogo kidogo. Alipolazwa nilikuwa naenda kila siku na uji kwenye chupa, na mama ndiye aliyeupika. Aliupika, akaumimina, akafunga kifuniko, akaniambia nenda usichelewe. Lakini yeye hakwenda. Nilimsihi. Alisema, "Nimeapa kwa Mola wangu. Akinisemesha je?"

Siku ya mwisho kakangu hakunywa uji. Ilikuwa mchana, jua limejaa wodini, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akisikiliza redio. Akaniuliza, "Mama amekuja?"

Nikasema, "Yuko mlangoni, anavua viatu."

Katika wodi ile hakuna aliyevua viatu. Nilisema tu lililonijia. Kakangu aligeuza uso kuelekea mlangoni akatabasamu, akasema, "Mwambie," halafu kikohozi kikamshika. Hayakuja mengine. Nilisubiri neno la pili lile mpaka wauguzi waliponitoa.

Nilirudi Kisauni. Mama alikuwa kasimama uani, na nadhani alijua kabla sijasema. Aliniuliza jambo moja tu, "Alisemaje?" Nikamjibu, "Aliomba radhi zako, mama. Alisema umuwie radhi."

Kwetu huko si kutamka tu. Mtu akienda bila radhi za mama yake watu humwogopea, wala hakuna anayejua vizuri ni la kufanya. Walipoileta maiti nyumbani, mama alikaa kichwani pake pale pale watoto walipokuwa wakisomea, akasema mbele ya wanawake wote, "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera, kama ulivyoniomba." Wanawake walilia kwa faraja. Mimi nililia peke yangu kwa sababu nyingine.

Kama ulivyoniomba. Maneno hayo mawili yamenikalia miaka yote hii. Kama hakuomba, je, amepata? Radhi iliyotolewa kwa maneno niliyotunga mimi ni radhi? Mashekhe wako wengi mtaani na wote nawashonea kanzu, na sijathubutu kumwuliza hata mmoja. Naliogopa jibu. Yapo majini ya filamu yanayonichekesha, lakini hili la kwangu lina kanuni zake: halinijii gizani wala halinitishi kwa sura. Linakuja nikiwa barabarani mchana, nanunua vifungo, na kutoka kwa kinyozi, au kwa muuza viazi karai, inatoka sauti ya kakangu ikisema karibuni wapenzi watazamaji. Watu wananyolewa na yeye anasema. Hawajui kama amekufa. Kuna siku nilisimama nje ya duka la simu mpaka filamu ikaisha, mwenye duka akanitolea kiti akidhani naumwa.

Mwenye kibanda alinipa sidii ya mwisho aliyorekodi kakangu. Haikumalizika. Zimebaki kama dakika ishirini na kakangu anasema, "Subirini kidogo, wapenzi, nimeze funda la maji." Unasikia kiti kikisogezwa. Basi. Filamu inaendelea yenyewe kwa lugha yake, na yeye harudi. Niliihamisha kwenye flashi sidii ilipoanza kukwaruza, na nimeisikiliza mara nisizoweza kuhesabu, lakini kila mara kiti kikisogezwa naizima. Mimi, ambaye najitapa kwamba siogopi mwisho wa filamu yoyote, sikuwahi kuzitazama dakika zile ishirini. Nilihisi nikiizima bado yuko anakunywa; zikipita bila yeye, basi hata maji yale atakuwa amekwisha kunywa na harudi.

Mwaka huu macho ya mama yamekwisha kabisa. Anaona kivuli tu, mlango na dirisha. Asubuhi moja nilimshika mkono kumpeleka zahanati, tukapita mbele ya kinyozi, na sauti ikatoka. Joka limepita, wapenzi watazamaji. Mama alisimama.

"Ni sauti ya nani hiyo?"

"Sijui, mama."

"Wajua," akasema. Hakuziba masikio. Alisimama pale juani, mkono wake ndani ya mkono wangu, akasikiliza mpaka kinyozi alipobadilisha.

Kesho yake alifunga. Haikuwa Ramadhani wala Alhamisi. Nilimwambia daktari hataki afunge, akaniambia nimwache. Alifunga siku ya pili, na ya tatu. Ndipo nikakumbuka nilichosomeshwa na yeye mwenyewe juu ya mkeka: aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Siku ya nne, tuliposwali alasiri, alikuja akipapasa ukuta akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nitilie sinema yake ya mwisho."

"Sina, mama."

"Unayo. Waificha ndani ya kasha la nyuzi. Mimi ni kipofu, si kiziwi."

Nikatia. Sauti ilipotoka aliinua kichwa kama mtu anayeitwa na jirani. Tasbihi ilikuwa mkononi mwake. Kijana wa Kiembeni alitoka kwao akiwa na upanga na maandazi mawili, joka lilikuwa limekunywa maji ya Kisauni, na mama yangu akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akichekeshwa na kakangu. "Mwongo mtoto huyu," akasema. "Hebu msikie." Alisema hivyo kama kwamba yuko chumba cha pili. Kikohozi kilipoanza kusikika ndani ya maneno alikunja uso, na kila kikija alitikisa kichwa taratibu, akakihesabu kwa tasbihi.

Kisha maji. Kisha kiti. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime."

"Amenyamaza, mama. Hasemi tena."

"Basi sema wewe. Una macho."

Mwanzo nilisema vibaya, kama mtoto anayesoma ubao. Anapanda jabali. Joka linamwona. Halafu kidogo kidogo nikashika mwendo, nikasikia maneno ya kakangu yakinijia kinywani. Nilimpitisha kijana machimboni, nikamtukana joka kwa ajili ya mifereji yetu. Na lazima niseme, mapigano yale ni mazuri, ndiyo mazuri kuliko yote niliyoyaona. Ni mtu mmoja na mnyama mmoja, wamechoka wote wawili, na kila pigo lina uzito. Joka likafa. Lakini lilikuwa limemchoma kwanza, na kijana akaanguka juu ya mawe, watu wa mji wakamzunguka.

"Yuko wapi stelingi?" mama akauliza.

"Amelala," nikasema. "Amechoka."

"Amelala au amekufa?"

Nilimtazama kijana kwenye kioo. Nilisubiri ule mwanga wa buluu ambao siku zote nautukana. Wallahi niliutaka. Haukushuka.

"Amekufa, mama."

"Hakusema kitu?"

Alikuwa amesema. Midomo ilikuwa imecheza, maneno mawili matatu ya chini chini, katika lugha nisiyoijua. Ningeweza kumtilia neno lolote. Ndiyo kazi niliyoifanya katika nyumba hii maisha yangu.

"Aliuliza kama mama yake amefika," nikasema.

Tasbihi ilisimama. Kwenye televisheni majina ya watu yalikuwa yameanza kupanda, na muziki, na mama aligeuza uso ukanielekea mimi hasa, pale nilipokuwa.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia uko mlangoni, unavua viatu."

"Na radhi?"

"Hakuomba, mama. Niliomba mimi. Yeye alisema mwambie, akakohoa, hayakuja mengine."

Hakulia. Aliinuka, akapapasa mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja juu yake, ilikuwa bado ina joto. "Nimekuwia radhi, mwanangu," akasema. "Umeomba, hukuomba." Kisha akaniambia magharibi imekaribia, nimtekee maji ya udhu. Nilimtekea. Alipoyapokea hakunishika mkono.

Tangu siku ile, kila baada ya alasiri, anakuja kwenye kiti cha wateja. Tumesikiliza filamu za kakangu zote nilizoweza kuzipata, na vijana wa duka wananitafutia nyingine Likoni. Mama sasa ana maoni. Anasema mfalme wa Bamburi ni mpumbavu na farasi ndiye mwenye akili. Tunacheka pamoja, tunakunywa chai, ananisifia maandazi. Lakini neno lile la radhi hajaniambia, nami namjua mama yangu, hasahau.

Jana nilisimamisha filamu katikati. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikaweka mikono yangu juu ya magoti yake, nikamwita. Akaitika. Nikamwuliza, "Na mimi, mama?"

Akanisogeza kando kidogo, kwa mkono mmoja, akaelekeza sikio kwenye televisheni.

"Tia sinema," akasema.

Nikatia.